Wakaguzi wa Usalama Kazini: Elimu, Cheo na Nauli

Kila siku alfajiri watu wengi hutoka Kibera wakafuata reli kwa miguu kwenda viwandani, na wengine hutoka Kawangware kwenda kujenga majumba ya Lavington na Kileleshwa. Wako pia wasiokwenda mbali, ambao huunga vyuma, huranda mbao, au, kama mafundi kadhaa wa Kibera, huchonga mapambo kwa mifupa ya ng'ombe. Kazi hizo zote zina riziki, na zote zina hatari. Cheche huharibu macho, vumbi huingia mapafuni, na jukwaa bovu huua. Mwezi wa Januari 2006, jengo lililokuwa likijengwa Nyamakima, Nairobi, liliporomoka likawafukia mafundi na vibarua.

SHERIA YASEMAJE

Sheria ya viwanda ya Kenya ilianza kutumika mwaka 1951. Mahali pake pakachukuliwa na Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007, ambayo yahusu kila mahali mtu afanyapo kazi, iwe ya kudumu au ya muda. Kwa hiyo kibanda cha fundi wa Kawangware kimo ndani ya sheria sawasawa na kiwanda kikubwa. Mkaguzi aweza kuingia, kutazama mitambo na kuuliza maswali. Aweza kumwamuru mwenye kazi arekebishe kosa, na palipo na hatari kubwa, aweza kuisimamisha kazi mpaka hatari iondolewe.

ELIMU NA CHEO

Mamlaka kama hayo hayapewi mtu yeyote tu. Mkataba Na. 81 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1947, ambao Kenya iliuridhia mwaka 1964, wataka mkaguzi achaguliwe kwa sifa zake, afundishwe barabara, na awe mtumishi wa serikali ambaye kazi yake haitikisiki kila utawala ubadilikapo. Tena asiwe na faida yoyote katika kazi anazozikagua.

Sababu ni wazi. Asiyejua mitambo ya mvuke hatalitambua boila lililochoka, na asiyesoma kemia hataijua sumu isiyo na harufu. Lakini elimu peke yake haitoshi. Mjuzi akikaa miaka mingi bila kupandishwa cheo, hutafuta kazi kwingine, na ujuzi wake huenda naye. Na cheo kikitolewa kwa kujuana, mkaguzi hujifunza kuwapendeza wakubwa badala ya kuwalinda wafanyakazi. Yapasa cheo kifuate kazi iliyofanyika.

FEDHA ZA SAFARI

Mkataba huo wataka pia wakaguzi wapewe ofisi, vyombo vya kusafiria, na malipo ya gharama za safari. Shirika hilo limekadiria mkaguzi 1 kwa wafanyakazi 10,000 katika nchi tajiri, na 1 kwa 40,000 katika nchi maskini. Mtu mmoja atawafikiaje watu wengi hivyo bila gari wala nauli? Atakagua viwanda vilivyo kando ya barabara, na vichochoro vya Kibera vitaisikia sheria kwa jina tu. Serikali inayomwajiri mkaguzi ikamnyima nauli ni kama mkulima anunuaye jembe asilitie mpini.

YAWAPASAYO WENYE KAZI NA WAFANYAKAZI

Mahali penye watu 20 au zaidi pawe na kamati ya usalama. Ajali iarifiwe kwa mkaguzi wa eneo, na ajali ya kifo katika muda wa saa 24. Mfanyakazi aonaye hatari amwarifu msimamizi wake mara moja. Asiogope kumwendea mkaguzi, kwa maana mkataba wamtaka mkaguzi alifiche jina la mlalamikaji.

Wahenga walisema: usipoziba ufa utajenga ukuta. Mshahara na nauli ya mkaguzi ni gharama ya kuziba ufa. Ukuta ukianguka, hulipiwa na wajane na mayatima.