Kapu la Sikukuu na Heshima ya Mwenye Nyumba



Noeli yakaribia tena, na katika mitaa yetu kapu la wahitaji limekwisha kuwekwa kanisani. Mwezi huu twataka kunena nanyi habari za kapu hilo. Hatuwahimizi kulijaza tu, maana kulijaza mwajua. Twataka kunena jinsi linavyotoka mlangoni mwa kanisa hata kufika nyumbani mwa mtu. Katika jambo hilo sisi wenyewe tulikosa, na afadhali tuungame hapa kuliko kungoja wengine watusemee.

Kwanza yafaa kukumbuka Noeli hutukuta katika hali gani. Huko Ulaya, zilikotoka desturi nyingi za sikukuu hii, Desemba ni mwezi wa baridi, na mavuno yamekwisha kuwekwa ghalani. Kwetu huku Masasi na Newala mambo ni kinyume. Mvua ndiyo kwanza zinaanza, mbegu inatiwa ardhini, na chakula cha mwaka uliopita kimebaki kidogo chini ya ghala. Lakini wakati uo huo ndio msimu wa korosho; zauzwa mnadani kwa njia ya vyama vya ushirika, na fedha huingia vijijini. Basi Desemba hutenganisha majirani. Nyumba moja yanunua mabati na mbuzi wa sikukuu, na nyumba ya pili haina hata chumvi, kwa kuwa mikorosho yake imezeeka, au korosho zake zimekwisha kuliwa kwa kangomba kabla hazijaanguka mtini.

Kwa msomaji aliye mbali, kangomba ni ile biashara ya mlanguzi anayemjia mkulima wakati wa dhiki, akampa fedha kidogo, kisha msimu ukifika akazichukua korosho kwa bei ya chini na kwa kipimo chake mwenyewe. Serikali imeikataza, nayo haijakoma. Twayasema haya ili mtu asidhani ya kuwa kila asiye na kitu siku ya Noeli ni mvivu. Wengi wamelima, wamepalilia, wameokota. Ila wamemwokotea mwingine.

Sasa kosa letu. Mwaka juzi sisi na wazee wa kanisa tulikusanya vitu vizuri sana: mchele, unga, mafuta, sabuni, chumvi, na khanga kadha wa kadha. Tukaandika majina ya wahitaji. Jumapili ya mwisho kabla ya sikukuu, ibada ilipokwisha, tukayasoma majina yale kwa sauti mbele ya watu wote, ili pasiwe na manung'uniko ya kwamba twagawa kwa upendeleo. Wakajipanga mstari nje ya mlango juani, mmoja mmoja akaja, akapokea, akapiga goti. Kijana mmoja alipiga picha kwa simu, na jioni ile ile picha zikafika Mtwara na Dar es Salaam. Tulirudi nyumbani tukifurahi.

Fungu moja lilibaki. Lilikuwa la bibi mmoja mjane, alezaye wajukuu watatu. Tulidhani ni mgonjwa, tukamchukulia sisi wenyewe. Alitukaribisha, akatutandikia mkeka, akatusikiliza hata mwisho, kisha akanena, “Mwalimu, njaa naijua, huja na kwenda zake. Lakini jina langu mmelisoma mbele za mkwe wangu.” Maana mzazi wa mke wa mwanawe alikuwapo kanisani siku ile. Ninyi nyote mwajua mkwe ni nani kwetu. Mtu hujifunga kibwebwe asionekane mnyonge mbele ya mkwe, atakopa kuku, ataazima sahani, lakini hatasema, “Sina.” Sisi tulimsemea. Fungu lile hakulipokea, nasi tukalirudisha mikononi mwetu, na njia ilikuwa ndefu.

Tukajiuliza tangu hapo: je, kosa hili ni letu peke yetu? Sivyo; ni la zamani, na wakubwa kuliko sisi walijikwaa papo hapo. Siku ya Noeli ya mwaka 1899, mjini New York, Jeshi la Wokovu liliwaandalia maelfu ya maskini karamu katika ukumbi mkubwa uitwao Madison Square Garden. Nia ilikuwa njema na chakula kilikuwa kingi. Lakini katika viti vya juu waliketi matajiri waliolipa ili kuingia, wakawatazama maskini wakila. Tuliposoma habari hiyo tuliikumbuka ile simu ya kijana wetu, tukaona haya. Hata hivyo, siku ile ile wengine walipewa vikapu vya chakula, wakaenda kupika kwao, mama mwenye nyumba akawapakulia watoto wake kwa mkono wake mwenyewe. Hao walikula Noeli yao bila kutazamwa.

Tena ni watu wa Jeshi hilo hilo walioanzisha desturi ambayo sisi twaiona ni ya busara sana. Mwaka 1891, katika mji wa San Francisco, Kapteni Joseph McFee alitaka kuwalisha maskini elfu moja siku ya Noeli, naye hakuwa na fedha. Akakumbuka siku zake za ubaharia, jinsi alivyoona bandarini Liverpool chungu kikubwa ambamo wapita njia walitupia sadaka. Akaweka chungu kama hicho gatini penye kivuko, watu wakatia senti zao wakipita kwenda kazini. Atiaye senti moja na atiaye fedha nyingi, wote sauti ya chungu ni moja. Hapo mtoaji hakutangazwa. Na kama mtoaji aweza kufichwa, kwa nini mpokeaji asifichwe?

Na aliye wa kale kuliko hao wote ni Mtakatifu Nikolao, askofu wa Mira katika karne ya nne, nchi ambayo leo ni Uturuki. Mapokeo yasimulia kwamba palikuwa na baba mmoja aliyefilisika, mwenye binti watatu. Huko mahari ilitoka upande wa bibi arusi, si kama kwetu, basi binti asiye na kitu hakuolewa, naye baba alikuwa karibu kuwatoa wapate riziki kwa njia ya aibu. Nikolao alikwenda usiku, akatupa dhahabu dirishani, akatoweka. Akafanya hivyo kwa kila binti. Baba alipomvizia na kumtambua, Nikolao alimsihi asimwambie mtu. Kutoka katika jina lake, kama Waholanzi walivyolitamka, ndiko lilikotoka lile la mzee wa nguo nyekundu mnayemwona madukani mjini, ambaye siku hizi hupiga kengele ili aonekane! Neno la Bwana juu ya mkono wa kuume na wa kushoto mnalijua; hatulikariri.

Basi mwaka jana tulibadili. Majina hayakusomwa. Kila mtaa uliangalia nyumba zake, maana jirani ajua jiko lipi halifuki moshi. Vitu vilifungwa katika mifuko ya namna moja, vikapelekwa giza lilipoingia, siku mbili kabla ya Noeli, na aliyepeleka ni jirani mmoja au shangazi wa nyumba ile, si mzee wa kanisa mwenye kanzu. Simu zilikaa mifukoni. Bibi yule tulimpelekea kwa mkono wa dada yake, naye akapokea. Siku ya pili ya sikukuu wajukuu wake walikuja kwetu na ungo wa maembe. Tulipokea kwa mikono miwili, wala hatukusema, “Mngebaki nayo”. Maana ni desturi kwamba chombo hakirudi kitupu, nasi hatukuwa na ruhusa ya kumnyima hiyo.

Manung'uniko yalikuwapo. Wengine walisema, “Vitu vimekwenda wapi? Hatukuviona.” Hesabu tuliwaonyesha wazee watatu katika chumba cha Padre, ikatosha. Lakini kweli ni kwamba nyumba moja ilipata mara mbili, na nyumba nyingine, ya mtu aliyehamia kutoka bondeni, ilisahauliwa kabisa, kwa kuwa hakuwa na jirani wa kumnena.

Tulilijua hilo tarehe 28. Tukachukua kilichobaki, kilo mbili za mchele na nusu mche wa sabuni, tukaenda asubuhi. Mlango ulikuwa umefungwa. Yeye na mkewe walikuwa shambani wakipanda mahindi, maana mvua ya usiku ilikuwa nzuri. Tuliwasalimu, tukaeleza, tukaomba radhi. Akatutazama kidogo, akasema, “Mchele wekeni pale kivulini, Mwalimu. Jembe la tatu liko mtini.” Tulipanda naye hata saa sita.