Kabla Hujawasha Injini: Maswali ya Kila Siku kuhusu Gari, Pikipiki na Afya

Majeruhi wa ajali anapofikishwa katika chumba cha dharura, mhudumu wa afya huyaona matokeo tu. Chanzo mara nyingi kiko mbali na hospitali: dukani ambako pikipiki ilinunuliwa bila kofia ngumu, au gereji ambako ubadilishaji wa pedi za breki uliahirishwa hadi mwezi ujao. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa watu milioni 1.19 walifariki kutokana na ajali za barabarani mwaka 2021, na kwamba ajali hizo ndizo zinazoongoza kwa kuua watoto na vijana wa umri wa miaka 5 hadi 29. Kwa sababu hiyo, maswali ambayo wamiliki wa vyombo vya moto huwauliza mafundi ni maswali ya afya pia. Makala haya yanajibu baadhi yake kwa manufaa ya wagonjwa na wahudumu wao.

Nichague pikipiki ya namna gani?

Wanunuzi wengi hutazama bei, ulaji wa mafuta na upatikanaji wa spea. Vigezo hivyo ni sahihi, lakini havitoshi. Kaa juu ya pikipiki ikiwa imezimwa na uhakikishe kuwa nyayo zako zote mbili zinakanyaga chini vizuri. Pikipiki ndefu au nzito kuliko uwezo wa mwendeshaji humwangusha hata ikiwa imesimama, na mguu unaolaliwa na chombo huweza kuvunjika. Mwenye maumivu ya magoti, udhaifu wa mkono baada ya kiharusi au ganzi ya miguu inayotokana na kisukari ajaribu kwanza kama anaweza kubana klachi, kukanyaga breki na kubadilisha gia bila shida.

Ikiwa pikipiki imetumika, geuza usukani kulia na kushoto. Ukigoma au ukikwama katikati, huenda beringi zimekwisha au chombo kiliwahi kupata ajali. Chunguza pia kama fremu imechomelewa. Cheni nayo isikazwe kupita kiasi wala isilegee ovyo. Katika pikipiki nyingi ndogo hutakiwa kucheza milimita 20 hadi 30 hivi, ingawa kitabu cha mtengenezaji ndicho chenye kauli ya mwisho.

Kofia ngumu ya bei nafuu inafaa?

Uchambuzi wa tafiti uliochapishwa na Cochrane mwaka 2008 ulionesha kuwa kofia ngumu hupunguza hatari ya kifo kwa takribani asilimia 42, na hatari ya kuumia kichwa kwa takribani asilimia 69, miongoni mwa waendesha pikipiki wanaopata ajali. Kinga hiyo hutegemea ubora na namna ya kuivaa. Tazama ndani: lazima kuwe na tabaka nene la povu gumu chini ya kitambaa. Plastiki tupu yenye sponji laini hailindi ubongo. Kofia ikae kwa kubana kiasi, na ukiisukuma mbele au nyuma isivuke. Mkanda ufungwe kidevuni, pakibaki nafasi ya vidole viwili tu.

Kofia iliyopata kishindo kikubwa ibadilishwe hata kama haina ufa unaoonekana, kwa maana povu lake likishabonyea halirudi tena. Abiria naye anahitaji ya kwake.

Kwa wanaomfikia majeruhi kwanza: msimvue kofia ikiwa anapumua vizuri. Ikibidi kumvua kwa sababu njia ya hewa imeziba, wawepo watu wawili, mmoja akishikilia shingo na kichwa visicheze, mwingine akiivuta kofia taratibu.

Tairi na breki zibadilishwe lini?

Chombo kinachokwenda kilometa 50 kwa saa husafiri takribani mita 14 kila sekunde. Kwa hiyo kuchelewa kidogo tu kwa breki huweza kuamua kama mtoto anayevuka barabara atapona au la. Pedi zikianza kulia kwa sauti ya chuma, muda wake umeshapita. Mafuta ya breki nayo huzeeka, kwani hufyonza unyevu wa hewani; yakipata joto kali kwenye mteremko mrefu, maji yaliyomo huchemka na breki huwa laini kama sponji. Watengenezaji wengi hushauri yabadilishwe kila baada ya miaka miwili hivi.

Kuhusu tairi, usitazame kipara peke yake. Ubavuni kuna tarakimu nne zinazoonesha wiki na mwaka wa kutengenezwa: 2319 maana yake ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi la mtumba lenye michirizi mizuri laweza kuwa limekaa miaka mingi juani, na mpira wake umekauka na kupasuka nyufa ndogo. Pima upepo wakati tairi bado ni baridi, ukifuata kipimo kilichobandikwa kwenye mlango wa dereva au kuandikwa kitabuni.

Nikinunua gari lililotumika, nikague nini zaidi ya injini?

Anza na mikanda. Vuta kila mmoja kwa ghafla; unapaswa kukwama papo hapo. Fukua ya viti vya nyuma, kwani mara nyingi hufichwa chini ya vitambaa vya viti. Mjamzito naye afunge mkanda: sehemu ya chini ipite chini ya tumbo juu ya nyonga, na ya juu ipite katikati ya matiti na pembeni mwa tumbo.

Kisha washa swichi na utazame taa ya mifuko ya hewa. Kwa kawaida huwaka sekunde chache kisha ikazimika. Ikibaki inawaka, mfumo una hitilafu. Isipowaka kabisa, huenda balbu imeondolewa ili kuificha hitilafu hiyo. Mtoto anayelazwa katika kiti kinachotazama nyuma asiwekwe kamwe mbele ya mfuko wa hewa unaofanya kazi.

Mamilioni ya magari ya kampuni mbalimbali yaliitwa virudi kiwandani duniani kote kwa sababu ya mifuko ya hewa iliyotengenezwa na kampuni ya Takata ya Japani. Kemikali iliyomo huharibika kwa joto na unyevu wa miaka mingi, na kifaa kinapofyatuka huweza kupasuka na kurusha vipande vya chuma. Kwa kuwa magari mengi ya mtumba ya Afrika Mashariki hutoka Japani, na hali ya hewa ya pwani ni ya joto na unyevu, ni busara kupeleka nambari ya chasisi kwa wakala wa mtengenezaji na kuuliza kama gari lako limo katika orodha hiyo.

Je, kuna hatari gereji?

Zipo, na nyingi zinazuilika. Ya kwanza ni kunyonya petroli kwa mdomo kupitia mpira. Tone dogo likiingia mapafuni huharibu utando unaofanya vifuko vya hewa vibaki wazi, na nimonia ya kemikali hufuata. Aliyemeza asitapishwe wala asipewe maziwa. Apelekwe kituo cha afya. Mhudumu amwangalie kwa saa 6 angalau hata kama anajiona mzima, akikumbuka kuwa picha ya mionzi ya mapema yaweza kuonekana safi. Pampu ndogo ya mkono huondoa hatari hii yote.

Ya pili ni oili chafu. Ina kemikali zinazohusishwa na saratani ya ngozi, kwa hiyo fundi avae glavu, abadilishe nguo zilizolowa na anawe kwa sabuni. Kunawa kwa petroli hukausha ngozi, na petroli yenyewe ina benzini, ambayo husababisha saratani ya damu.

Ya tatu ni betri. Inapochajiwa hutoa haidrojeni, gesi inayolipuka kwa cheche au sigara. Tindikali yake ikiingia jichoni, osha mara moja kwa maji safi mengi yanayotiririka, kwa dakika 20 angalau, kabla hata ya kutafuta usafiri. Mguu uliochomwa na ekzosi nao uwekwe chini ya maji baridi yanayotiririka kwa dakika 20. Dawa ya meno, oili na unga huzidisha madhara.

Moshi usionuka wala kuonekana

Injini iliyowashwa ndani ya gereji iliyofungwa, au ekzosi iliyotoboka chini ya gari, hutoa kaboni monoksaidi. Gesi hii haina rangi wala harufu, na hushikamana na himoglobini kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Dalili zake ni kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu na usingizi, ambazo ni rahisi kudhaniwa kuwa malaria. Mhudumu ajihadhari: kipimo cha kawaida cha oksijeni kinachobanwa kidoleni hakitofautishi damu yenye oksijeni na yenye kaboni monoksaidi, hivyo huweza kuonesha asilimia 98 kwa mtu anayekaribia kufa. Mtoe mgonjwa kwenye hewa safi, mpe oksijeni kwa wingi, na uulize nani mwingine alikuwa mahali pale.

Nikitumia dawa, niendeshe?

Piritoni, amitriptilini, diazepamu na fenobabitoni huleta usingizi na kuchelewesha maamuzi. Insulini nayo yaweza kushusha sukari ghafla barabarani, na mwenye kifafa anahitaji ushauri wa daktari kabla ya kushika usukani. Mgonjwa asiache dawa kwa hofu hiyo. Azungumze na aliyempa, kwani mara nyingi dawa, kiwango au saa ya kumeza huweza kubadilishwa.

Dereva wa bodaboda mara nyingi hatajitambulisha kwa kazi yake, kwa kuwa amekuja kutibiwa mafua, si kuzungumzia pikipiki. Ni wajibu wa anayeandika dawa kumuuliza: “Unaendesha chombo gani, na leo utarudije nyumbani?”