Ekari Moja ya Mtama kwa Kuku Kumi

Ndugu msomaji ufugaye kuku uani, piga hesabu kabla ya kushika jembe. Kuku wa mayai hula gramu 120 hivi kwa siku. Kumi humaliza kilo 438 kwa mwaka. Thuluthi mbili zikiwa nafaka, ni karibu magunia matatu ya kilo 100. Katika ukame wa Dodoma, ambako mahindi hukauka upesi, ekari moja ya mtama yaweza kuyatoa mvua isipokosa.

Panda mtama mweupe, kama Macia. Ule mwekundu wenye ukakasi humzuia kuku kufaidi protini. Taabu ni kwamba kwelea kwelea nao huupenda huo mweupe, hivyo hapana budi kuamia ndege tangu alfajiri.

Nafaka peke yake haitoshi. Kuku ataacha kutaga. Changanya mashudu ya alizeti, dagaa na chokaa ya mifugo. Punje zenye ukungu usimpe kuku kamwe: mwaka 2016 sumukuvu iliua watu Dodoma na Manyara, na kuku nao huwaharibu ini. Mtama uanikwe juu ya turubai, si ardhini, mpaka punje ivunjike kwa mlio inapoumwa.