Kumtazama Anayelia

Mtoto anayemkodolea macho mtu anayelia hukanywa papo hapo: geuza uso, adabu gani hiyo! Katazo hilo lina heshima ndani yake, lakini linamnyima mtoto somo. Atajuaje kutofautisha machozi ya uchungu na ya hasira kama haruhusiwi kuyatazama? Mbele ya picha katazo linaondoka. Aliyechorwa haoni haya wala hakasiriki. Mtoto anaweza kumsogelea, kumkagua atakavyo na kumjadili na wenzake kwa sauti.

Durban, Afrika Kusini, ina mahali pa kufanyia hivyo. Ndani ya Ukumbi wa Jiji, uliofunguliwa mwaka 1910, kuna makumbusho ya sayansi asilia yenye maiti iliyokaushwa kutoka Misri na mifupa ya ndege dodo, vitu vinavyowavuta watoto bila kubembelezwa. Ghorofa ya juu yake ni Jumba la Sanaa la Durban. Kupanda ngazi za kufikia huko ndiko kunakohitaji mtu mzima wa kuwashika mkono.

Hata hivyo, kazi ambazo ningetamani kuziweka mbele ya watoto wa miaka sita hazikuchorwa kwa brashi. Ni vitambaa vya Amazwi Abesifazane, yaani Sauti za Wanawake, mradi ulioanzishwa Durban na mchongaji Andries Botha. Tume ya Ukweli na Maridhiano, iliyochunguza maovu ya enzi ya ubaguzi wa rangi, ilikuwa imesikiliza mashahidi wengi, lakini wanawake wengi wa kawaida hawakuwahi kufika mbele yake. Basi mradini kila mwanamke alitarizi kwa uzi na shanga siku asiyoweza kuisahau, na maneno yake yakaandikwa. Humo mna nyumba zinazoungua na watu wanaokimbia, kumbukumbu za ubaguzi wa rangi na za mapigano ya kisiasa yaliyoitesa KwaZulu-Natal miaka ya 1980 na mwanzoni mwa miaka ya 1990. Watu wametariziwa kwa mistari michache, mikono imenyooka, karibu na vile mtoto mwenyewe anavyochora. Vingine ni vizito mno kwa umri huo, na mwalimu hana budi kuvichagua kimoja kimoja.

Kikishatundikwa, mwalimu afanye nini? Abigail Housen, mwanasaikolojia, na Philip Yenawine, aliyeongoza elimu katika Museum of Modern Art jijini New York, waliunda njia ya maswali matatu. Hapa kunatokea nini? Umeona nini hata ukasema hivyo? Tunaweza kuona nini zaidi? Swali la pili ndilo lenye uzito. Tuseme mtoto mmoja anasema mama wa kwenye kitambaa ameogopa, kwa kuwa mikono yake iko juu. Mwingine anaitazama mikono ile ile na kusema hapana, anawaita wanawe. Mwalimu hamtangazi mshindi. Kila mtoto anabaki na jambo jipya kichwani: mwenzangu ameona nilichokiona, lakini ameelewa vingine.

Jambo hilo mtoto hazaliwi nalo. Mwaka 1983 Heinz Wimmer na Josef Perner waliwasimulia watoto kisa cha Maxi, aliyeweka chokoleti yake kabatini na kutoka. Nyuma yake mama akaihamisha. Maxi akirudi ataitafuta wapi? Watoto wa miaka mitatu husema ataitafuta ilikohamishiwa, maana wao wanajua ilipo. Karibu na miaka minne au mitano wengi huanza kusema ataitafuta alikoiacha. Wamekwisha kung'amua kwamba ya moyoni mwa mwingine si lazima yafanane na yao.

Mazungumzo huwasaidia kufika huko. Judy Dunn na wenzake walionyesha mwaka 1991 kwamba watoto wa miaka mitatu waliokulia katika nyumba zinazozungumzia hisia walizitambua hisia za watu vizuri zaidi walipofika miaka sita. Afrika Kusini yenyewe ina ushahidi, ingawa ni wa Khayelitsha, Cape Town. Huko walezi 91 wa watoto wa mwaka mmoja na miezi kadhaa waligawanywa kwa kura, kundi moja likafundishwa kwa wiki nane kuangalia vitabu vya picha pamoja na mtoto: kufuata anachokitazama, kukitaja, kumpa nafasi ajibu. Lugha na umakini vya watoto hao viliimarika, na wakaonyesha zaidi tabia ya kuwajali wengine. Kitabu ni karatasi tu. Mlezi anayesubiri jibu ndiye aliyeleta tofauti.

Kwa wanafunzi wakubwa kidogo, jaribio kubwa lilifanyika Arkansas, Marekani, ambako shule 123 zilipigiwa kura ya kutembelea jumba la sanaa la Crystal Bridges. Wiki kadhaa baada ya ziara moja ya kujadili picha, waliokwenda waliwazia maisha ya watu wa zamani vizuri kuliko waliobaki. Athari ilikuwa ndogo, na ilionekana zaidi kwa watoto wa vijijini.

Ndogo, lakini kwa Durban siidharau. Moyo wa binadamu humwonea uchungu upesi zaidi anayefanana naye; mwaka 2009 watafiti wa Beijing walikuta hata ubongo huitikia kwa udhaifu maumivu ya mtu wa rangi nyingine. Na si rangi tu inayotenga: Aprili 2015 maelfu ya Waafrika kutoka nchi nyingine, wakiwemo Wakongo na Warundi wanaozungumza Kiswahili, walizikimbia nyumba zao jijini Durban kwa sababu ya mashambulizi dhidi ya wageni, wakalala kambini. Kwa hiyo mwalimu wa Umlazi, kitongoji cha Durban, akipata nafasi ya kutundika picha mbili, ya kwanza na iwe ya mama wa KwaZulu, ambaye watoto watamtambua. Ya pili iwe ya mama wa Bukavu, Kongo, na maswali yawe yale yale matatu.