Nozeli Ipi Mbovu? Jinsi ya Kupima Trekta la Dizeli

Ndugu mkulima, ukikaa hapa Amalemba, Kakamega, mwezi wa Februari, utaona matrekta yakivutwa kwa mnyororo kwenda kwa mafundi. Mengine yatoka mbali, Lumakanda na Likuyani, katika skimu zilizogawiwa wakulima tangu mpango wa ekari milioni ulipoanza mwaka wa 1962. Masika yakaribia, shamba halijalimwa, na mwenye trekta yu tayari kuuza ng'ombe anunue pampu mpya ya dizeli. Lakini mara nyingi pampu haina neno. Iliyoharibika ni nozeli moja, nayo yaweza kujulikana nyumbani kwa spana tu.

Injini ya dizeli haina plagi. Pistoni hushindilia hewa mpaka iwe moto sana, kisha nozeli hunyunyiza mafuta humo, nayo huwaka yenyewe. Yapasa yaingie kama ukungu. Umemwona mtu akipuliza maji kwa mdomo juu ya nguo kabla ya kuipiga pasi? Akipuliza vizuri, nguo hulowa sawasawa. Akitema, hufanya madoa. Nozeli mbovu hutema. Hapo moshi huwa mweusi, injini hugonga, na nguvu hupungua. Mafuta mengine hutiririka katika silinda, yakaosha oili na kushuka nayo chini. Chomoa kijiti cha oili kila asubuhi: ikiwa oili imezidi na yanuka dizeli, usilime siku hiyo.

Kabla ya kuilaumu nozeli, tazama chujio la hewa, maana hewa ikiwa haba moshi huwa mweusi vilevile. Toa maji katika chujio la dizeli. Moshi wa buluu ni oili inayoungua, na hiyo ni habari nyingine.

Sasa washa injini, ipate moto, kisha iache iende polepole. Vaa miwani ya kazi na glavu nene. Massey Ferguson 135 yenye injini ya Perkins ina silinda tatu, basi nozeli tatu. Shika nati ya bomba jembamba liingialo katika nozeli ya kwanza, uilegeze kidogo mpaka mafuta yavuje. Sikiliza. Sauti ikianguka na injini ikitetemeka, silinda hiyo ilikuwa ikifanya kazi; kaza nati, uende kwa ya pili. Ukilegeza na sauti isibadilike, umempata mwizi.

Ila usikate hukumu bado. Zima injini, badilishana nozeli hiyo na ya silinda nyingine, upime tena. Ubovu ukiifuata nozeli, ndiyo mbovu. Ukibaki palepale, tafuta katika valvu, ringi za pistoni au pampu. Kila utoapo nozeli futa uchafu kwanza, utie washa mpya ya shaba, na uhakikishe ya zamani haikubaki shimoni.

Wako watu wanaoigeuza nozeli nje na kuikinga kwa kiganja waone inavyotoa. Usifanye hivyo kamwe! Mafuta hayo hutoboa ngozi. Kidonda huonekana kama cha sindano, tena huenda kisiume sana mwanzoni, lakini dizeli iliyo ndani huozesha nyama hata mtu akakatwa kidole au mkono. Aliyechomwa aende hospitali saa ileile. Tena, njia ya kulegeza nati ni ya injini za zamani tu. Pikapu na matrekta mapya ya komoni reli yana nguvu ya mafuta kubwa mara nyingi zaidi. Nati zake usiziguse, mwite fundi mwenye kompyuta ya kupimia.

Nozeli ikijulikana, ipeleke hiyo peke yake mjini. Fundi huifunga kwenye pampu ya mkono yenye saa ya kipimo. Simama utazame. Yapasa ifunguke kwa kipimo kilichoandikwa katika kitabu cha trekta, ukungu utoke sawa kwa kila tundu, na ncha ibaki kavu. Ikidondosha tone, haifai. Fundi asiye na pampu hiyo, asuguaye ncha kwa msasa, mkimbie.

Nozeli huuawa na uchafu, maji na mafuta ya taa. Dizeli iliyochanganywa na mafuta ya taa hukausha pampu na nozeli, kwa kuwa mafuta ya taa hayalainishi vizuri. Biashara hiyo ilienea hata Serikali ikaongeza ushuru wa shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa mwaka wa 2018. Nunua mahali unapopaamini. Pipa ulilaze limeinama kidogo, upande wa bomba la kutolea ukiwa juu, uliache siku nzima litulie kabla ya kuteka, na mafuta ya chini kabisa usiyatie katika trekta. Tangi lijaze jioni, kazi ikiisha, ili umande usifanyike ndani usiku.