Yusef Lateef na Ndugu za Nzumari

Mtu ajuaye salamu za lugha tano hatuwezi kusema kwamba anazo lugha tano. Katika muziki pia wako waokotao chombo kigeni ili kuupamba wimbo mmoja, kisha wakakitupa. Yusef Lateef, Mmarekani mweusi, hakuwa katika hao.

Alizaliwa Chattanooga, Tennessee, mwaka 1920, akaitwa William Emanuel Huddleston, akakulia mjini Detroit. Jina la pili alilitwaa alipoingia katika Uislamu, na msomaji wa Kiswahili atalitambua mara moja neno latifu lililomo. Alianza na saksafoni, na mwaka 1949 akawa katika bendi ya Dizzy Gillespie. Walakini aliona ya kuwa sauti moja haitamtosha maisha yake yote. Basi akaenda maktaba ya Detroit kutafuta habari za muziki wa mataifa mengine.

Vyombo alivyovichagua vyastahili kuangaliwa. Obo na basuni za Ulaya, na shehnai ya Bara Hindi, zote ni ndugu za nzumari ile isikiwayo katika harusi na ngoma za pwani yetu: kila moja ina ulimi wa pande mbili, na pumzi hupita katikati yake. Tena arghul ya Misri ina mianzi miwili, mmoja hupiga wimbo, wa pili hushika sauti moja bila kukoma. Lakini ulimi wake ni wa upande mmoja, nayo kwa hiyo yakaribiana na saksafoni kuliko nzumari. Nadhani hii ndiyo sababu mdomo wake haukupotea njia: alikwenda kwa jamaa wa chombo alichokijua. Si siku zote, lakini. Katika sahani ya Eastern Sounds, iliyorekodiwa mwaka 1961, alipuliza xun ya Wachina, chombo cha udongo kisicho na ulimi kabisa, na kwa sauti tano tu akatengeneza wimbo mzima.

Mwaka 1975 alipata shahada ya udaktari katika elimu. Hata hivyo, alipokwisha kupita miaka sitini, alikwenda Zaria, Nigeria, akakaa tangu 1981 hata 1985 katika Chuo Kikuu cha Ahmadu Bello, akichunguza sarewa, filimbi ya Wafulani. Mwalimu akubaliye kuwa mwanafunzi katika umri huo ni nadra.

Neno jazi hakulipenda, kwa maana chafu zilizoambatana nalo katika kamusi. Badala yake alitunga neno refu kwa asili za Kiyunani, maana yake muziki utokao katika mwili, akili na roho ya mtu. Mwaka 1987 ilitoka Little Symphony, ambayo ndani yake alipiga vyombo vyote mwenyewe. Ikapata tuzo ya Grammy, lakini katika fungu la muziki uitwao wa Enzi Mpya, jina ambalo hakulichagua yeye. Alifariki Desemba 2013, mwenye umri wa miaka 93.