Komredi, chuo kikifungwa nani atanyunyizia sukuma maji?

Unaijua picha hii, komredi. Wiki ya tatu ya muhula, chama cha mazingira kinazindua bustani nyuma ya hosteli. Wakubwa wa chuo wamealikwa, majembe ni mapya na kila mtu amevaa tisheti ya kijani. Unapiga selfi ukiwa umeshika mche wa sukuma, unaipakia Instagram, laiki zinamiminika.

Halafu CAT zinaanza, mitihani inafuata, chuo kinafungwa. Ukirudi miezi mitatu baadaye unakuta nini? Vijiti vikavu, magugu yaliyofika magotini, na kibao kizuri chenye jina la bustani.

Kama umecheka, basi pengine yalitokea kwenu pia. Neno 'uendelevu' tunalisikia kila siku darasani na kwenye makongamano. Lakini bustani ya chuo hukufundisha maana yake siku ambayo jua ni kali, wewe uko ushago, na mche una kiu.

Hata waliofaulu walianza kwa kukausha miche. Katikati ya miaka ya 1970, Wangari Maathai alikuwa akifundisha anatomia ya mifugo katika Chuo Kikuu cha Nairobi. Alijaribu kuotesha miche ya miti, na mingi ya mwanzo ikafa. Hakukata tamaa. Juni 5, 1977, Siku ya Mazingira Duniani, yeye na wenzake walipanda miti saba katika uwanja wa Kamukunji, Nairobi. Huo ndio ulikuwa mwanzo wa vuguvugu la Green Belt, lililomfikisha kwenye Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 2004.

Sasa skiza sehemu ambayo wengi huiruka. Kina mama wa mashambani waliootesha miche chini ya vuguvugu hilo walilipwa hela kidogo kwa kila mche uliopona. Kupanda tu hakukutosha. Mche ukifa, hakuna pesa. Kanuni hiyo moja ingeokoa bustani nyingi za vyuo vyetu.

Huko Marekani, katika Chuo Kikuu cha California, Santa Cruz, mtunza bustani Mwingereza Alan Chadwick alianza mwaka 1967 kulima na wanafunzi kwenye mteremko wenye udongo hafifu. Miaka michache baadaye aliondoka. Bustani ingali pale hadi leo, ina jina lake, na vizazi vya wanafunzi vimechafua mikono humo. Mwanzilishi alienda, kazi ikabaki na wenyewe.

Basi wewe ufanyeje ili bustani yenu isife pamoja na muhula?

Kwanza, panda kinachoendana na kalenda yako. Muhula una wiki kumi na nne hivi. Sukuma huchukua karibu miezi miwili kabla ya kuchumwa, kwa hivyo ukichelewa kupanda utawaachia ndege. Terere na majani ya kunde unaweza kuyachuma baada ya wiki tatu au nne hivi. Managu, au mnavu kama wanavyouita Pwani, huhitaji muda zaidi kidogo. Ukikata ncha ya juu, unachipuza matawi na kukupa majani mengi. Usizidharau mboga hizi za kienyeji. Profesa Mary Abukutsa-Onyango wa Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta cha Kilimo na Teknolojia amezitafiti kwa miaka mingi, na zamani wengi waliziona kama magugu tu. Pia hela za HELB zikichelewa, utashukuru kuna kitu cha kutia kwenye sufuria.

Pili, kama hamna shamba, tumieni gunia. Chukua mkebe mkubwa uliotolewa vitako vyote viwili, usimamishe katikati ya gunia, ujaze mawe madogo. Zungushia udongo uliochanganywa na samadi, kisha vuta mkebe juu na urudie hadi gunia lijae. Ile nguzo ya mawe hupitisha maji hadi chini. Toboa pembeni, panda miche. Maji yaliyooshea mboga yanatosha kazi hii, lakini maji ya mtaro usiyaguse, kwa sababu mtakula mlichonyunyizia.

Tatu, ongeeni na wapishi wa mesi. Maganda ya ndizi, viazi na kabeji yanayotupwa kila jioni ni mbolea ya bure. Panga tabaka la maganda, tabaka la majani makavu, nyunyiza maji, geuza kila baada ya wiki moja au mbili. Ikinuka, ongeza majani makavu. Ni dalili kuwa imekosa hewa. Ukiingiza mkono ukakuta joto, ujue bakteria wako kazini. Hapo mwanafunzi wa biolojia ana maabara, wa uhandisi ana tatizo la kumwagilia kwa chupa kuukuu, na wa uhasibu ana daftari la kuonyesha kama mboga inalipa.

La nne ndilo gumu zaidi: zamu. Usianzishe bustani kabla ya kujua nani atabaki likizo. Kila chuo kina watu wasioondoka: aliye kwenye atachimenti karibu, komredi anayeishi mtaa wa jirani, mlinzi wa geti, mama anayefagia hosteli. Keti nao mapema. Mkubaliane kwamba anayenyunyizia ndiye anayechuma. Usimwombe mlinzi akufanyie kazi bure kwa sababu eti ni mradi wa mazingira. Yeye pia ana familia ya kulisha.

Na wale fasti yia? Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Msisubiri hadi mwaka wa nne mjiulize nani atarithi bustani. Waachie mapema daftari la mlichopanda, kilichokauka na sababu yake. Kurasa za vilivyokauka zitawafaa kuliko picha zote za uzinduzi.

Kwa hivyo wikendi hii, kabla ya kwenda kununua mbegu, chukua karatasi. Andika majina matatu ya watu watakaokuwa chuoni Agosti. Ukiyapata, nunua mbegu. Ukikosa, anza na gunia moja, unaloweza kulibeba kwenye matatu ukienda nyumbani.